Mwezi wa Nino

Tangu utotoni Casilda hakuweza kupita mbele ya pazia lililofungwa bila kuinua pembe yake. Shule alikwenda mpaka darasa la nne, na huko aliadhibiwa kuliko wenzake wote, si kwa utundu wa mikono bali kwa utundu wa macho. Siku moja alimpasua mwanasesere wa binti ya mwalimu apate kujua tumboni mwake mna nini. Mlikuwa na maranda. "Kumbe maranda tu," alisema, akala bakora zake, lakini moyo ukatulia.

Ndiyo maana mumewe alimwita Tundu la Ufunguo.

Mume huyo, Saturnino, ambaye wote walimwita Nino, alikuwa fundi wa jukwaa katika jumba la maonyesho la Cisneros, katikati ya Buenos Aires. Yeye na wenzake walikaa nyuma ya mapazia wakivuta kamba, mawingu yakashuka na kasri za mbao zikapanda. Akirudi nyumbani, kabla hajavua koti, maswali yalikuwa yakimngoja mezani pamoja na supu.

"Ngurumo mnaifanyaje?"

"Tunatikisa bati."

"Na mvua?"

"Dengu kavu ndani ya sanduku."

"Na yule anayekufa mwishoni, anaangukia wapi?"

"Kwenye godoro. Kisha anaulizia chakula chake."

Casilda alicheka mpaka mtoto akaruka tumboni, maana wakati huo alikuwa na mimba ya Nieves. Ndani ya jumba lenyewe hakuwahi kuingia. Kwanza hawakuwa na nafasi, halafu ikaja mimba, halafu akaja mtoto, na siku zote Nino alisema wataenda ukija mchezo unaostahili.

Mchezo uliostahili ukaja. Uliitwa *Mpiga Pasi na Nahodha*, mchezo wa nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika sehemu ya pili ulihitaji mwezi. Nino akapewa kazi ya kuutengeneza. Majuma mengi alirudi na gundi kwenye kucha, akinuna na kutabasamu kwa zamu.

"Mwezi wenyewe wa nini?" aliuliza Casilda.

"Wa mbao, balbu, na wizi kidogo."

"Wizi wa nini?"

"Ah, Tundu la Ufunguo! Hilo halisemwi, huonwa. Nimekuwekeni humo, wewe na mama. Mkikaa pale msijione, nipigeni na ufagio."

Hakuwahi kupigwa na ufagio. Mwezi wa Agosti, baridi ilipokuwa inauma, kifua kilimbana, homa ikapanda, na kabla pazia la mchezo ule halijafunguliwa hata mara moja Nino alizikwa. Mchezo ukaanza bila yeye. Watu waliokwenda walirudi wakisimulia nyimbo, nguo, na yule nahodha mwenye sauti kama kengele. Kuhusu mwezi, waliulizwa na Casilda uani na gengeni, wakajibu, "Mwezi? Ndiyo, ulikuwapo."

Ulikuwapo! Kana kwamba hilo ni jibu.

Waliishi La Boca, katika nyumba ya kupanga ambayo vyumba vyake vilizunguka ua mmoja wenye karo moja la kufulia. Chumba kilikuwa cha mama yake Nino, Bi Eduvigis, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, aliyetoka Galicia kwa meli akiwa msichana na kufika na sanduku la nguo na desturi zote za kwao, hakuna iliyoanguka baharini. Mwanawe alipokufa alifunika kioo kwa kitambaa cheusi, akafunika na redio, akasimama katikati ya chumba na kusema:

"Mwaka mzima. Atakayesikiliza muziki kabla mwaka haujaisha, achukue godoro lake atafute ua mwingine. Kwangu hatalala."

Casilda hakuwa na ua mwingine. Baba yake, msuka viti, alikufa zamani, na mama kabla yake. Alikuwa na mtoto wa kunyonya na kazi ya kutoboa na kushona vitundu vya vifungo, mashati kwa mashati, kazi ambayo haimtoshi mtu kupanga hata nusu ya chumba. Basi akasema haya, mama, akavaa nyeusi.

Muziki si kitu, angeweza kuukosa. Kilichomtesa zaidi kilikuwa kibuyu cha chai. Zamani jioni Bi Eduvigis alijaza maji ya moto kwenye kibuyu chenye chai chungu, akanywa kwa mrija wake wa fedha, akajaza tena akampa Nino, na Nino alipomaliza ndipo zamu ya Casilda. Hivyo ndivyo kilivyozunguka siku zote. Nino alipoondoka, kibuyu hakikuzunguka tena. Bi Eduvigis alijaza, akanywa, akajaza, akanywa, macho ukutani, mpaka birika likaisha. Casilda hakuthubutu kuomba. Chai hiyo haiombwi, hupewa.

Halafu kulikuwa na suala la shuka.

Shuka lilikuwa la kitani, la arusi ya Bi Eduvigis, lenye herufi E aliyoitarizi mwenyewe kwa uzi mwekundu. Lilifuliwa miaka mingi mpaka likawa laini kama maji ya mchele. Lilipoanza kutoboka, Casilda alipewa alitie viraka, naye mimba ikimchosha akalishona hovyo, nyuzi zikisimama huku na huku. "Hizi ni nyayo za kuku," alisema Bi Eduvigis. Wakati wa baridi, Nino akiwa bado mzima, shuka likaanikwa kambani na Casilda, na lilipofuatwa halikuwapo. Tangu siku hiyo Bi Eduvigis hakuacha kulitaja. Hakugomba. Alikuwa akikunja nguo nyingine, anashusha pumzi, anasema, "Lile lingekuwapo, lingekaa hapa juu."

Miezi ikaenda hivyo. Siku moja ya joto akaja Bocha, rafiki wa Nino wa kazini, mtu mnene mwenye kipara kinachong'aa, akamkuta Casilda karoni peke yake.

"Shemeji, nimekuja kukwambia. Jumapili ni mwisho. Mchezo unafungwa."

"Na mwezi?"

"Unavunjwa Jumatatu. Balbu zinarudi stoo, mbao jikoni kwa mlinzi."

Casilda alikamua shati mikononi mpaka maji yakamalizika. "Bocha, niambie tu una nini ule mwezi."

"Siwezi. Aliniapisha. Angalau kwa rafiki yangu mmoja aliyekufa nitimize neno." Akajikuna kipara. "Lakini njoo uone."

"Nije vipi? Na hizi nguo? Watu wataniona, na habari itafika hapa kabla yangu."

"Hawatakuona. Kuna kichumba cha wajane."

Casilda alikuwa hajakisikia. Bocha akamweleza huku akichungulia mlango wa Bi Eduvigis. Majumba ya zamani yalijengwa na watu waliojua msiba ni nini. Pembeni mwa ukumbi, chini kabisa, kuna kichumba chenye wavu wa chuma mbele. Wenye msiba huingia kwa mlango wa uchochoroni taa zikiwa zimezimwa, na hutoka kabla hazijawashwa mwishoni. Wao wanaona, wao hawaonekani. Na aliye ndani hamjui aliye naye. Hakuna salamu, hakuna jina, shela haiinuliwi. Ukikutana kesho barabarani na uliyekaa naye, hamkukutana.

"Maonyesho ya mchana, Jumapili," alisema Bocha. "Mwambie mzee wa mlangoni umetumwa na mimi. Na usinitazame hivyo, shemeji, mimi sina roho ya kutazamwa na macho hayo."

Jumapili ikafika. Mpaka adhuhuri Casilda alikuwa hajui atatokaje, kisha njia ikafunguka yenyewe.

"Nakwenda makaburini," alisema Bi Eduvigis akifunga shela yake nyeusi mbele ya kioo kilichofunikwa. "Kisha rozari. Usiningoje."

"Haya, mama."

"Dirisha lifungwe. Yule mpuuzi wa juu ana gramafoni mpya."

"Haya, mama."

"Haya mama, haya mama. Huna neno jingine?"

"Sina, mama."

Bi Eduvigis alimtazama kidogo, akatia mfukoni peremende zake za anisi, akaondoka. Casilda alihesabu moyo wake ukidunda, kisha akavaa viatu vya kutokea, akambeba Nieves mpaka kwa jirani, Pierina, mwanamke wa Kiitaliano aliyekuwa akimenya viazi mlangoni.

"Niangalizie, shoga. Naenda kanisani."

Pierina alitazama viatu. "Kanisa gani hilo la kupanda tramu?"

"La mtakatifu wa mbali."

"Basi mwambie anitafutie na mimi mume. Mzee si neno, ila awe na meno."

Lakini Nieves alikuwa anaota jino, na majuma hayo hakumtaka mtu yeyote ila mama yake na bibi yake. Hata akishikwa na Bocha alilia. Pierina alipomshika tu, mtoto alijinyoosha kama ubao na kupiga kelele iliyomwamsha paka juu ya bati.

"Chukua, chukua!" alisema Pierina. "Enda naye kwa mtakatifu. Uziwi wangu nausubiri uzeeni, siutaki leo."

Hivyo ndivyo Casilda alivyokwenda kwa mara ya kwanza katika jumba kubwa la maonyesho: na mtoto ndani ya shali nyeusi, shela mpaka kidevuni, kwa mlango wa uchochoroni uliokaa kati ya mapipa ya taka na pikipiki ya muuza maziwa.

Mzee wa mlangoni alikuwa na taa ndogo mkononi. "Msiba wa nani?"

"Mume."

"Pole. Kuna mmoja ndani tayari. Unajua taratibu?"

"Najua."

"Mtoto akilia, mnatoka. Sina namna."

Akamwongoza kwenye ngazi ndogo za kushuka, akafungua mlango mfinyu, akamwacha gizani. Casilda alipapasa kiti. Upande wa pili wa kichumba palikuwa na kivuli kilichojifunika vilevile, kimekaa wima. Hakikugeuka. Naye hakugeuka. Akasogeza uso kwenye wavu, akatazama.

Kwanza aliona viatu, maana kichumba kilikuwa chini na sakafu ya ukumbi ilikuwa usawa wa kidevu chake. Viatu vya ngozi ya kung'aa, viatu vyenye vumbi la Jumapili, na miguu ya mwanamke mmoja mnene aliyekuwa amevivua vya kwake na kukunjua vidole kwa raha. Casilda alivipenda vile vidole papo hapo. Kisha akainua macho, akaona kumbe jumba halina mwisho. Roshani juu ya roshani, zimetiwa rangi ya dhahabu, zimejaa watu. Juu kabisa, karibu na dari, watu wa bei nafuu wameegemea ukingo kama nguo zilizoanikwa. Darini wamechorwa wanawake wanene wanaoruka bila mabawa. "Huyo kamba yake iko wapi?" alijiuliza Casilda, akaanza kuitafuta, akajicheka.

Pazia likapanda, naye akajua ni nani wanaolivuta.

Mpiga pasi aliimba akipiga pasi, na pasi haikuwa na makaa, haikutoa moshi hata kidogo, na shati lilikuwa limenyooka tangu mwanzo. Nahodha aliingia akiimba barua aliyomwandikia mpiga pasi, na mpiga pasi akaimba kwamba hajaipata, na wasaidizi wake wote wakaimba kwamba wanajua imekwenda wapi. Casilda alitaka kuona kila kitu kwa pamoja: midomo ya waimbaji, na mpiga fidla aliyekuwa anapiga miayo, na mlango mwekundu kushoto ambao hakuna aliyeupita. Miezi yote hakusikia muziki. Ukamwingia kooni kama kitu cha moto baada ya baridi ndefu.

Ndipo Nieves alipoamka.

Alianza kwa kukunja uso. Kisha akavuta pumzi ile ndefu ambayo kila mama anajua inafuatwa na nini. Casilda akafungua vifungo haraka ampe ziwa, mtoto akalikataa, akaachama. Mwezi wangu, alifikiri Casilda, nimekuja mpaka hapa na sitauona.

Kutoka upande wa pili wa giza ukasikika ulimi: tok, tok, tok, taratibu, kama farasi anayepita juu ya mawe.

Nieves akafunga mdomo. Akageuza kichwa. Akacheka, akatupa mikono yote miwili kuelekea kile kivuli.

Casilda aliganda. Nieves hamchekei mgeni. Kisha harufu ikamfikia, ndogo, tamu, kali kidogo puani. Anisi.

Miguu ilimwambia kimbia. Kichwa kikamwambia ukikimbia umekiri. Aliona godoro lake likiwa limeviringishwa nje ya mlango, aliona ua wote ukitazama. Akakaa, mtoto akimponyoka mikononi kwa kuvutana.

"Mtoto wako," alinong'ona yule mwanamke, na sauti aliibana ikawa nyembamba, si yake, "anaota jino."

"Ndiyo... ndiyo, bibi."

"Mlete. Mikono yako imechoka."

"Mama, mimi..."

"Mama wa nani?" Kile kinong'ono kilikata kama mkasi. "Humu hatujuani. Mimi sikujui. Wewe unanijua?"

"Sikujui, bibi."

"Vizuri. Basi mlete mtoto, ukae utazame."

Nieves alihama giza kwa giza, akatulia mapajani pa asiyejulikana, akatafuna pindo la shela yake.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Taa za ukumbi ziliwashwa, lakini kichumbani palibaki giza. Kule nje watu walisimama, wakajinyoosha, yule mwanamke mnene akatafuta viatu vyake kwa vidole bila kuinama.

"Umefiwa na nani?" aliuliza Bi Eduvigis kwa sauti ile ya kuazima.

"Na mume, bibi."

"Alikuwa mtu mwema?"

Casilda alifikiri. "Alikuwa akiacha soksi juu ya meza."

"Hata wangu. Miaka yote nilisema, na soksi mezani." Akashusha pumzi. "Wangu alikuwa mwanangu."

"Pole, bibi."

"Nawe pole. Sasa unakaa na nani?"

"Na mama yake."

"Mkali?"

Nyumbani Casilda angesema hapana, mama. Hapa alikuwa hana jina, na aliyemuuliza hana uso.

"Anakunywa chai peke yake," alisema.

Bi Eduvigis alimgeukia mtoto. Ulimi wake uligonga kwa mtoto mara moja, mbili.

"Huenda anaogopa," alisema.

"Anaogopa nini, bibi?"

"Kibuyu kilikuwa kinapita kwa mwanawe. Akikitoa, mkono utakaokipokea si ule. Huenda anaona akinywa peke yake, zamu ya mwanawe bado haijarukwa."

Casilda hakuwa amefikiria hivyo hata siku moja, yeye aliyefikiria kila kitu. Alifuta macho chini ya shela.

"Mimi nami nina mkamwana," aliendelea yule mwingine, akijikaza. "Msumbufu. Kuuliza, kuuliza, kuuliza. Lakini mtoto anamtunza, sikatai. Alinipotezea shuka langu."

"Hakulipoteza, bibi."

"Limekwenda wapi basi? Limeota miguu?"

"Hajui. Na kutokujua kunamuuma kuliko wewe unavyodhani. Huyo ni mtu wa kutaka kujua."

"Mh," alisema Bi Eduvigis.

Kengele ikalia, watu wakarudi, viatu vikapanga foleni mbele ya wavu, giza likaingia.

Sehemu ya pili ilikuwa juu ya paa la nyumba. Kulikuwa na mabomba ya moshi, kamba ya nguo, na mpiga pasi peke yake na kapu lake. Fidla zote zilinyamaza isipokuwa moja. Casilda akashika wavu kwa mikono miwili. Kutoka nyuma ya mabomba ukasikika mlio mdogo wa kapi, kiii, mlio ambao huenda hakuna mwingine ukumbini aliyeujali, na mwezi ukaanza kupanda.

Ulipanda polepole, mkubwa kama gurudumu la mkokoteni, halafu mkubwa zaidi. Mwanga wake haukuwa wa kuumiza macho. Ulichujwa na nguo laini mno, ukatoka kama maziwa. Na kama mwezi wa kweli ulikuwa na madoa. Casilda akayatazama yale madoa. Moja lilikuwa na vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Jingine pembeni yake, vilevile. Jingine tena, limeinama kidogo, pale sindano ilipomchoma akatukana.

"Nyayo za kuku," alinong'ona.

Bi Eduvigis alikuwa amesimama na mtoto begani, uso kwenye chuma. Ukingoni mwa mwezi, chini kushoto, kulikuwa na alama moja yenye miguu mitatu, imepinduliwa kichwa chini, nyekundu hafifu kama mshipa ndani ya sikio.

"E yangu," alisema, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Ile ni E yangu!"

"Wizi kidogo," alisema Casilda. "Aliniambia. Mbao, balbu, na wizi kidogo."

"Shuka la arusi yangu! Lililovuka bahari! Alilitoa kambani akanitazama machoni, akala supu yangu! Mwizi! Nimezaa mwizi!"

"Ssss!" alisema mwenye viatu vinavyong'aa, akitafuta huku na huku nani anayesema chini ya ardhi.

Bi Eduvigis akajiziba mdomo kwa mkono. Mabega yalianza kumtetemeka. Casilda alidhani analia, akamshika kiwiko, kisha akagundua kwamba anacheka, kicheko cha bila sauti, kinachopanda kutoka tumboni, na Nieves begani akiruka nacho juu chini. Casilda naye kikamshika. Wakasimama gizani wameshikana viwiko, wanacheka wakiziba midomo, na machozi yakipita kwenye vidole. Juu ya paa mpiga pasi aliimba habari za nahodha wake, na Nino aliwamulika wote wawili kutoka ndani ya shuka.

Mwezi ulipofika juu ya bomba refu ulisimama.

"Una madoa, umeona?" mwanamume mmoja alimnong'oneza mkewe. "Wamejua kuufanya."

Bi Eduvigis alinyoosha shela yake. "Hizo nyayo za kuku," alisema akiwa bado anatazama, "kwa mbali zinapendeza."

"Kwa mbali sana, bibi?"

"Kwa mbali sana."

Kabla ya wimbo wa mwisho mzee wa mlangoni aligonga. Aliyetangulia kuingia hutangulia kutoka. Bi Eduvigis alimrudisha mtoto, akamfunika vizuri shali kichwani.

"Kwaheri, bibi," alisema Casilda.

"Kwaheri. Nje kuna upepo wa mtoni. Asipigwe kichwani." Mlangoni alisita. "Sijakuona."

"Nami sijakuona."

Casilda alichukua tramu iliyofuata, makusudi. Alipofika uani Pierina alikuwa bado na viazi vyake, akauliza kwa nyusi tu, naye akampita. Chumbani Bi Eduvigis alikuwa ameketi, shela imetundikwa, birika linachemka, kana kwamba hakutoka mwaka mzima.

"Umechelewa," alisema.

"Kanisani walikuwa wengi, mama. Na makaburini?"

"Hajambo. Pana mwanga." Akajaza kibuyu, akanywa mpaka mrija ukalia. Akajaza tena maji. Akakishika kidogo mapajani kwa mikono miwili, kisha akanyoosha mkono juu ya meza, mahali soksi zilipokuwa zikilala, mpaka ng'ambo ya pili. "Shika. Ni moto."

Casilda akashika.

Jumanne jioni Bocha alipita na furushi chini ya kwapa. Hakuingia, alisema ana haraka, akamtupia Casilda na kuondoka akipiga mluzi, kisha akakumbuka msiba akaacha. Kesho yake asubuhi Bi Eduvigis mwenyewe alikwenda karoni. Alifua kwa sabuni ya kipande, akasugua, akasuuza, akafua tena. Duara la gundi halikutoka. Akalianika hivyo hivyo, kwenye kamba ya katikati ya ua, Casilda akimpa vibanio.

Pierina alitoka na ndoo, akasimama. "Ah! Si lile shuka? Limeonekana wapi?"

"Lilichukuliwa na upepo," alisema Bi Eduvigis.

"Miezi yote hii?"

"Lilipanda juu sana."

Pierina alilitazama lile duara, akamtazama Casilda, akamtazama tena Bi Eduvigis. Alifungua mdomo aulize. Bi Eduvigis akalinyoosha shuka pembeni, akavuta pindo lenye E likae upande wa jua, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Mwanangu," alisema, "kibanio."